Vumbi la Unga na Pumu ya Mahali pa Kazi

Maradhi ya mwokaji mikate huanza kwa chafya. Alfajiri anapofungua gunia la unga wa ngano, pua humwasha na macho kumtoka machozi, naye huendelea na kazi kwa kuwa jambo lenyewe huonekana dogo. Siku ya mapumziko mafua hayo hutoweka. Arudipo kazini, nayo hurudi. Mwenendo huo ndio unaopaswa kumshtua, kwani mafua ya kawaida hayafuati ratiba ya kazi.

Unga wa ngano una protini ambazo miili ya baadhi ya watu huzichukulia kuwa adui. Mzio huo hauji siku ya kwanza. Mtu aweza kuvuta vumbi kwa miezi, hata miaka, bila kudhurika, kisha mwili ukabadilika, na kuanzia hapo kiasi kidogo tu kikatosha kumsumbua. Tabibu wa Italia, Bernardino Ramazzini, aliyaeleza madhara ya unga kwa waokaji na wasagaji katika kitabu chake cha mwaka 1700. Jambo hili basi si geni, ingawa hadi leo kope nyeupe za msagaji huchukuliwa kuwa alama ya bidii.

Katika mashine za kusaga mahindi, vumbi huchanganyika na mabaki ya wadudu waharibifu wa nafaka na chembe za ukungu, ambavyo navyo huamsha mzio. Mafundi seremala wanaopasua mvule hukabiliwa na hatari iliyo jirani na hiyo.

Kosa kubwa hutendeka jioni, wakati wa usafi. Ufagio mkavu huliinua vumbi lililokwisha kutua, na chembe zile ndogo kabisa zifikazo ndani ya mapafu hazionekani kwa macho. Hubaki zikielea hata baada ya chumba kuonekana safi. Kukung'uta magunia matupu mlangoni huleta madhara yale yale. Yafaa kupangusa kwa kitambaa chenye maji, mashine ikiwa imezimwa na umeme kukatwa, na wakati wa kumimina unga mdomo wa gunia ushushwe karibu na chombo. Madirisha yanayotazamana huipitisha hewa vizuri kuliko dirisha moja kubwa. Barakoa ya kitambaa huzuia vumbi kidogo mno, wala haiwezi kuchukua nafasi ya hatua hizo.

Kikohozi cha usiku, kifua kubana na pumzi yenye mlio huashiria kwamba mzio umeshuka kutoka puani. Anayeondolewa mapema kwenye vumbi ana matumaini makubwa ya kupata nafuu. Anayekawia aweza kubaki na pumu hata baada ya kuiacha kazi. Wengi hunyamaza kwa kuhofia kibarua. Hata hivyo, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri alinde afya ya wafanyakazi wake na kuhakikisha wanapimwa, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi huwahudumia waajiriwa waliopata maradhi yatokanayo na kazi.

Mgonjwa afikapo zahanati, na aeleze kazi afanyayo, tangu lini, na siku zipi hupata nafuu. Asipoyasema hayo, huenda akapewa dawa ya mafua na kurudi kwenye unga ule ule.