Mtafiti Akikuuliza Mlikula Nini: Jinsi Umaskini Unavyopimwa

Mtafiti wa Shirika la Kitaifa la Takwimu (KNBS) akibisha kwako, hatauliza tu unapata pesa ngapi. Atataka kujua wiki iliyopita mlipika unga kiasi gani, sukari mlinunua ya shilingi ngapi, na kama sukuma wiki ilitoka sokoni au shambani. Wakazi wengi huchoshwa na maswali haya, na wengine hushuku ni njia ya kuwatoza ushuru.

Sababu ni hii. Wengi wetu hatuna mshahara wa mwisho wa mwezi. Mkulima hushika pesa baada ya mavuno, na mtu wa kibarua hulipwa siku anapoitwa. Ukimuuliza mapato yake, jibu la Januari si la Agosti. Lakini kula ni kila siku. Kwa hivyo hapa Kenya umaskini hupimwa kwa matumizi. Hata mahindi ya shamba lako na maziwa ya ng'ombe wako hupewa bei na kuhesabiwa.

Kisha huwekwa mstari wa umaskini. Wataalamu hukadiria gharama ya chakula kinachompa mtu mzima kalori 2,250 kwa siku, halafu huongeza mahitaji mengine kama mavazi na makao. Katika utafiti wa 2015/16, mstari huo ulikuwa Sh3,252 kwa mwezi kwa mtu mzima wa mashambani, na Sh5,995 kwa wa mjini.

Watoto huhesabiwa kwa kipimo kidogo: wa chini ya miaka 5 ni 0.24 ya mtu mzima, na wa miaka 5 hadi 14 ni 0.65. Chukua baba, mama, mtoto wa miaka 8 na mwingine wa miaka 3. Jumla ni 2.89, si 4. Kwa viwango hivyo, familia hiyo ikiwa mashambani ilihitaji matumizi ya takriban Sh9,400 kwa mwezi ili isihesabiwe maskini.

Utafiti huo ulipata asilimia 36.1 ya Wakenya wako chini ya mstari. Turkana ilikuwa asilimia 79.4, Nairobi 16.7. Lakini aliyepungukiwa na shilingi 50 na aliyekosa karibu kila kitu wote huhesabiwa maskini sawasawa, ndiyo sababu watafiti hupima pia kila mmoja yuko umbali gani chini ya mstari.

Pengo kati ya tajiri na maskini lina kipimo chake, kilichobuniwa na Mwitaliano Corrado Gini mwaka 1912. Sufuri maana yake wote wako sawa; moja maana yake mtu mmoja ana kila kitu. Tuseme kijiji kina familia tano, kila moja ikitumia Sh10,000. Gini ni sufuri. Kijiji jirani, tatu zinatumia Sh2,000 kila moja, ya nne Sh4,000, ya tano Sh40,000. Wastani ni ule ule Sh10,000, lakini Gini inafika 0.62. Wastani peke yake ungetudanganya.

Takwimu hizi hugusa mfuko wa kaunti. Fomula ya ugavi wa mapato iliyopitishwa na Seneti mwaka 2020 ilitenga asilimia 14 ya mgao kwa kigezo cha umaskini. Na kwa kuwa kaya 24,000 hivi ndizo zilizoteuliwa nchi nzima, nyumba moja ilisimama badala ya mamia. Anayeona aibu kusema walilala njaa, akataja nyama ambayo hawakuila, amewapandisha majirani wake juu ya mstari bila wao kujua. Anayeficha mbuzi wake naye amepotosha hesabu vilevile.

Sheria ya Takwimu ya mwaka 2006 inalinda siri ya majibu yako. Mtafiti akifika, muombe kitambulisho cha kazi, na ukiwa na shaka muulize chifu au mzee wa kijiji kabla ya kujibu.