Kabla ya Kupaka Rangi Jengo Lililoachwa

Wakaazi wa Jang'ombe, Zanzibar, mkitaka zahanati au ofisi ya zamani iliyobaki gofu iwe kituo cha jamii, msianze kuchangishana fedha za rangi. Anzeni kumjua mwenye jengo. Kwa sheria ya ardhi ya 1992, ardhi yote ya Zanzibar ni mali ya umma. Mtu au taasisi hupewa haki ya kuitumia. Basi mwoneni Sheha, kisha nendeni Kamisheni ya Ardhi. Jengo likiwa la wakfu, mlango ni Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, na hapo sharti la aliyeweka wakfu lazima lifuatwe. Ombeni mkataba wa maandishi, wa miaka mingi. Bila huo, vijana watajitolea kukarabati, halafu jengo likishapendeza waambiwe watoke.

Mfano wa jengo lililofufuliwa hauko mbali. Pale Mizingani, Mji Mkongwe, Dispensari ya Zamani iliyoanzishwa na Tharia Topan mwaka 1887 ilikamilika 1894. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ilidorora hadi roshani zake za mbao zenye nakshi zikaharibika. Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni uliikarabati, ikafunguliwa tena 1996 kuwa kituo cha utamaduni.

Jengo lenu halina nakshi zile, lakini adui ni yule yule: maji. Kagueni paa kwanza, tena mvua za masika zikinyesha, mwone zinapopenya. Kwenye zege, tazameni doa la kutu linalofuata mstari wa nondo. Nondo ikishika kutu huvimba na kupasua zege. Kuta za mawe na chokaa zipigwe lipu ya chokaa. Saruji huufungia unyevu ndani, na lipu hubanduka vipande vipande. Asiingie mtu kufanya kazi kabla mhandisi hajapima. Desemba 25, 2020, sehemu ya Beit al Ajaib, jumba la kihistoria la Mji Mkongwe, iliporomoka wakati wa ukarabati na watu wawili wakafariki.

Kisha fikirieni bili za umeme na maji za kila mwezi, maana hapo ndipo vituo vingi hufa. Chumba cha mbele kikodishwe kwa fundi cherehani au mwenye duka, kodi yake ilipie bili. Ukumbi ubaki wa wote. Pangeni saa za kinamama na saa za wanafunzi wa skuli kabla ya kufungua, na katika katiba ya jumuiya yenu mwandike nani anashika funguo, na kwa muda gani.