Ukungu wa Picha katika Televisheni, na Jinsi ya Kujua Unakotoka

Mtu akiona video yenye ukungu, aghalabu huilaumu televisheni kwanza, kisha mpiga picha, na mwisho kanda yenyewe. Tabu ni kwamba ukungu huo si ugonjwa mmoja. Yako maradhi manne yafananayo sana kwa macho, na dawa ya moja haiponyi jingine. Asiyeyatenganisha aweza kununua televisheni mpya kwa fedha nyingi, akaukuta ukungu ule ule unamngoja juu ya kioo kipya.

Jambo hili lilitufika hapa shuleni. Siku ya Wazazi zilionyeshwa video mbili katika bwalo. Moja ilikuwa ya mbio za kupokezana vijiti baina ya mabweni, na ya pili ilikuwa ya mahafali ya mwaka 2006, ambamo anaonekana marehemu mwalimu wetu wa zamani wa Hisabati akishindana na walimu wenzake. Wazazi kadha walifundishwa naye, na watu wa nyumba yake walikuwa wamealikwa. Alipokuwa amesimama alionekana vizuri. Alipoanza kukimbia uso ulipotea, wakabaki watu wawili wa moshi wanaofukuzana. Palepale wazee wengine wakasema televisheni imechoka, ichangiwe nyingine, na wengine wakasema kanda ya 2006 imeoza, itupwe. Chama cha Fizikia kikaombwa kichunguze kabla fedha hazijatolewa wala kanda haijatupwa, na Mhariri amenitaka niandike tuliyoyaona.

Kwanza hapana budi tukumbuke kwamba video si mwendo hasa. Ni mfululizo wa picha tuli, kila moja huitwa fremu, zinazopita upesi hata jicho likadhani kitu kinasogea. Katika utaratibu wa PAL, uliotumika katika kamera za kanda za sehemu zetu, picha kamili ni 25 kwa sekunde. Kwa hiyo swali la kwanza ni hili: je, ukungu umo ndani ya fremu yenyewe, au huja baadaye fremu zinapoonyeshwa? Dawa yake haina gharama. Shika rimoti, ngoja mkimbiaji afike katikati ya kioo, kisha simamisha picha. Mkono au mguu uliosimamishwa ukiwa mkali, video ni nzima na kosa liko katika kuonyesha. Ukiwa na ukungu hata uliposimama, televisheni haina hatia, wala ukinunua ya bei gani.

Tulisimamisha video ya mbio za vijiti. Kijiti kilikuwa mkanda mrefu mweupeweupe usio na ncha. Huu ndio ugonjwa wa kamera. Kila fremu hupigwa kwa kilango cha mwanga kufunguliwa kwa muda mfupi, na kitu kikisogea wakati kilango ki wazi, huacha njia yake yote juu ya picha. Mwanafunzi hodari hukimbia kama mita 8 kwa sekunde. Kilango kikiwa wazi kwa 1/50 ya sekunde, atakuwa amesogea sentimita 16. Kikiwa wazi kwa 1/500, atasogea sentimita 1.6 tu, na picha itakuwa kali. Mbio zile zilikimbiwa jua likiwa linazama, na kamera ikiachwa ijipangie mambo huacha kilango wazi muda mrefu ili ikusanye mwanga wa kutosha. Ukungu wa namna hii hauondoki, kwa sababu hakuna popote ulipohifadhiwa uso ulio safi zaidi ya ule. Wako watu wauzao programu za kunoa picha, nasi tulijaribu moja. Ilinoa majani ya uwanjani vizuri sana, lakini kijiti kikabaki vilevile.

Basi tukaigeukia ile ya mahafali, na hapo ndipo kazi ilipokuwa. Picha iliposimamishwa haikuwa na mkanda kama wa kijiti. Ilikuwa na walimu wawili walio nusunusu, mmoja mbele kidogo ya mwenzake, na mstari wa uwanja ukionekana kupitia miili yao. Ili nieleze sababu yake, itanilazimu nirudi nyuma kidogo.

Kamera za kanda za siku zile hazikupiga picha nzima kwa mara moja. Picha ya PAL ina mistari 576 ionekanayo. Kamera huchukua kwanza mistari 288, ikiruka mmoja mmoja, kisha baada ya 1/50 ya sekunde hurudi kuchukua 288 iliyorukwa. Kwa hiyo kila fremu ni nusu mbili zilizofumwa pamoja kama ukili, na nusu hizo ni za nyakati mbili mbalimbali. Televisheni za chogo za zamani zilizionyesha nusu hizo moja baada ya moja, kwa mpango ule ule wa kamera, na mambo yakaenda sawa. Lakini televisheni bapa za leo huonyesha mistari yote kwa pamoja. Zikionyesha nusu mbili papo hapo, mtu aliyesimama huwa mzima, ila mkimbiaji aliyesogea sentimita 16 baina ya nusu ya kwanza na ya pili huota meno kama kitana katika kingo za mwili wake. Ukiona meno hayo, furahi, maana picha haijaharibika. Inangoja tu nusu zake zitenganishwe.

Video yetu haikuwa na meno, bali mizimu. Kaseti yake ni ndogo, ya aina ya MiniDV, nayo ilikuwa imepelekwa katika studio moja ya mjini ihamishiwe kwenye flashi. Fundi, kwa nia ya kuondoa meno, alizichanganya zile nusu mbili kwa kuzipaka moja juu ya nyingine. Meno yalikwenda kweli, lakini kila mkimbiaji akawa wawili. Mchanganyiko wa namna hiyo haufumuki kwa urahisi, kama vile maziwa hayatoki tena katika chai. Kwa hiyo ile ya flashi haikutufaa. Ilibidi kuirudia kaseti yenyewe, ile iliyosemwa itupwe.

Mmoja wa walimu wetu alikuwa angali na kamera ya MiniDV kabatini, na maabara ina televisheni ya chogo ambayo hakuna aliyekuwa akiijali. Tuliunganisha kamera na televisheni hiyo kwa zile nyaya za njano, nyekundu na nyeupe, tukaiendesha kaseti. Marehemu akatokea anakimbia, tai imerukia begani, anacheka, na meno yake yakahesabika. Kanda haikuoza hata kidogo. Mwalimu wa Fizikia alituamuru tuisimamishe mara moja ili tusiichoshe kanda bure, maana kila kuiendesha ni kuisugua.

Kisha tuliihamisha upya kwa waya wa FireWire, ambao kompyuta mpya hazina tundu lake, lakini moja ya zamani katika maabara inalo. Waya huo huchukua tarakimu za kanda kama zilivyo bila kuzichanganya. Kanda ya dakika 60 huchukua dakika 60 kuhamishwa, hakuna njia ya mkato, nayo hujaza kama gigabaiti 13. Faili tuliloendesha katika kompyuta lilionyesha meno ya kitana kama tulivyotarajia. Katika programu ya VLC tuliwasha kifaa kiitwacho Deinterlace na kuchagua njia ya Yadif 2x, ambayo hutenganisha nusu na kuijazia kila moja mistari yake iliyopungua, hata zikawa picha 50 kwa sekunde. Meno yakatoweka na mwendo ukalainika. Kompyuta hiyo tuliiunganisha na televisheni ileile ya bwalo iliyoshitakiwa, na mwalimu akakimbia humo bila mzimu. Nakala imepelekwa kwa watu wa nyumba yake. Kaseti imerudi kabatini, mahali pakavu.

Neno la tahadhari kwa atakayefanya kazi hii nyumbani. Mara nyingine picha haina meno wala mizimu, ila watu wanaruka mbele na nyuma kama wanaotetemeka. Hapo nusu zimeonyeshwa kinyume, ya pili kabla ya kwanza. Kanda za DV huanza na nusu ya chini, na programu ikidhani inaanza ya juu, mambo huwa hivyo. Geuza mpangilio huo tu.

Ugonjwa wa tatu ni wa kubanwa, nao ninyi wenzangu mnaufahamu wakati wa likizo. Video ikitumwa kwa WhatsApp hubanwa ili iwe nyepesi, na penye mwendo mwingi programu haina nafasi ya kueleza kila kitu, hivyo huacha vigae vya mraba na uso uliopakwa kama kwa kidole. Ikitumwa kama dokumenti, faili hufika kama lilivyo. Wazazi waliotuletea picha za mbio kwa simu wangetusaidia zaidi kwa njia hiyo, au kwa flashi.

Ama ugonjwa wa nne, huo ni wa televisheni hasa. Kioo bapa huishikilia kila picha bila kuizima mpaka ije nyingine, ambapo kioo cha chogo kiliwaka kwa kumweka tu. Jicho nalo halitulii, hukifuata kitu kinachosogea. Angalia maandishi yanayotambaa chini wakati wa taarifa ya habari. Kwenye televisheni ya inchi 32, yenye upana wa kama sentimita 70, maandishi yakivuka kwa sekunde 5 huenda sentimita 14 kwa sekunde. Picha ikishikiliwa 1/50 ya sekunde, jicho limekwisha sogea milimita 2.8 huku herufi imesimama, na herufi huonekana kama imepakwa kwa upana huo. Mwalimu alipiga picha maandishi hayo kwa kamera yenye kilango cha 1/500, nazo herufi zikatoka kali, zikiwa na kivuli hafifu tu nyuma yake kwa sababu vioo hivi huchelewa kidogo kubadili rangi. Kwa hiyo sehemu kubwa ya ukungu huo hutokea ndani ya jicho. Ziko televisheni zinazoweza kuingiza kiza kifupi baina ya picha ili kuupunguza, ingawa mwanga hupungua pia.

Televisheni nyingi zina ulainishaji wa mwendo, yaani kubuni picha za katikati ambazo kamera haikupiga. Sony huuita Motionflow, LG TruMotion, na Samsung Auto Motion Plus. Watengeneza sinema hawaupendi. Mwezi wa Desemba 2018 mcheza sinema Tom Cruise alitoa video ya kuwasihi watazamaji wauzime. Kwa mechi ya mpira mimi naona hauna ubaya ukiwa mdogo. Ukizidishwa, miguu ya wakimbiaji huzungukwa na utando unaochemka, maana mashine inakisia. Kosa kubwa zaidi katika televisheni ya bwalo lilikuwa jingine: kiondoa chengachenga, kiitwacho Noise Reduction, kilikuwa kimewekwa juu kabisa. Hulinganisha picha kadha na kuchukua wastani wake, na kitu kiendacho mbio huachiwa mkia. Tulikizima kwa rimoti, na video iliyopigwa magharibi ikapungukiwa na mkia, ingawa mkanda wa kijiti ulibaki kama nilivyokwisha eleza.

Kamati imeamua televisheni isinunuliwe mwaka huu. Lililobaki ni mbio za muhula ujao. Tumewaomba walimu wa michezo fainali ya vijiti iwe kabla ya saa kumi alasiri, jua likiwa bado kali. Mpiga picha tutamwomba aiwekee kamera kilango cha 1/250 au kifupi kuliko hapo, asiiache ijichagulie, na amfuate mkimbiaji kwa kamera badala ya kumngoja apite, ili ukungu wowote utakaotokea uangukie miti iliyo nyuma.