Pikipiki ya Mstaafu



Mzee mmoja wa huku kwetu Makupa alistaafu bandarini, akatoa sehemu ya kiinua mgongo akanunua pikipiki. Mkewe aliiona tayari iko mlangoni. Kosa lilikuwa hapo, si kwenye pikipiki.

Kipupwe kikiingia, Juni hadi Agosti, upepo wa kusi hupunguza joto, na kuvuka daraja la Makupa asubuhi kuelekea Mazeras ni raha kweli. Ndugu mume, raha hiyo si dhambi, umeitolea jasho. Lakini manyunyu yakianza, vumbi na mafuta ya malori huchanganyika na maji, barabara ikateleza kuliko mvua ikishakolea. Simama kando, ungoje.

Tena someni Tobiti sura ya 10, mwone jinsi Ana alivyoikodolea macho njia aliyoondokea mwanawe. Mkeo naye yuko dirishani. Mwambie unakokwenda na saa ya kurudi. Nawe mama, kabla hujasema iuzwe, uliza iko wapi helmeti ya pili. Sheria ya Kenya yamtaka na abiria avae.

Yule mzee aliomba msamaha. Siku hizi mama hupanda nyuma, amemshika kiuno kwa nguvu mno, na mzee halalamiki.