Njia Inayofaa Baiskeli: Somo la Vikundi Juu ya Ramani za Simu



Katika ziara zetu vikundini tumeulizwa swali hili zaidi ya mara moja: vijana wetu wana simu za kisasa zinazoonyesha njia, je, zinaweza kumfaa mwenye baiskeli anayepeleka maziwa, mkate au jerikeni za maji? Tena kuna wanaokuja kutoka mjini wakisema watatutengenezea programu yetu wenyewe tukichanga pesa. Tukubali? Somo hili ni la mikutano miwili. Kwa mkutano wa kwanza leteni fimbo, majivu kidogo na bakuli la mahindi. Simu ziachwe mfukoni.

Tusidhani baiskeli imepitwa na wakati. Hilo jina boda boda tunalowaita vijana wa pikipiki lilizaliwa na baiskeli, kule Busia, katika miaka ya 1960, watu walipokuwa wakibebwa kwenye keria kutoka upande mmoja wa mpaka hadi mwingine. Abiria wengi wamehamia pikipiki, ni kweli. Lakini baiskeli haili petroli, na katika nyumba nyingi bado ndiyo lori la familia. Shida ni kwamba programu nyingi za njia ziliwaza kwanza juu ya watu wa magari. Google Maps ilianza mwaka wa 2005; njia za baiskeli iliziongeza mwaka wa 2010, na ilianzia Marekani. Mtu wa baiskeli akifuata shauri lililotolewa kwa dereva anaweza kujikuta kwenye lami kuu, trela iko nyuma yake, na hana pa kukimbilia ila mtaroni. Katika barabara zetu jambo hilo limeshazika watu.

SIMU INAJUAJE NJIA?

Simu haioni barabara. Inachojua ni nukta na mistari. Nukta ni makutano, mistari ni vipande vya njia kati ya makutano hayo, na kila kipande kimeandikiwa uzito wake. Kazi ya programu ni kuunganisha vipande hadi ipate jumla iliyo ndogo kuliko zote. Hesabu yenyewe aliibuni Mholanzi mmoja, Edsger Dijkstra, mwaka wa 1956, akiwa ameketi na mchumba wake mkahawani Amsterdam, bila kalamu wala karatasi. Baadaye alisema ilimchukua kama dakika 20. Kwa hiyo msiwaogope wenye kompyuta. Hesabu hii hufanyika kwa punje za mahindi, nasi tumewaona akina mama wasiojua kusoma wakiifanya haraka kuliko sisi wenye diploma.

Choreni ramani ya kijiji chini, kwa fimbo na majivu. Jiwe liwe kanisa, jani liwe soko. Tuchukue mfano wa kikundi kinachopeleka maziwa asubuhi kwenye kituo cha kupozea. Njia ziko tatu: lami kilometa 6, maramu kilometa 8, na kijia cha kando ya mto kilometa 5. Wekeni punje moja kwa kila kilometa. Mkiishia hapo, kijia kinashinda, na kwa sababu gari haliwezi kupita kijiani, simu ya dereva itachagua lami.

Sasa ongezeni punje za taabu. Kwenye lami, malori: punje 2 zaidi kwa kila kilometa, jumla 18. Kwenye maramu kuna kilima cha kilometa 2 ambapo baiskeli husukumwa kwa mkono, tuseme punje 2 zaidi kwa kila kilometa ya kilima, jumla 12. Kijia kina mchanga: punje moja zaidi kila kilometa, jumla 10. Kijia bado kinashinda. Haya, ulizeni: na mwezi wa Aprili? Mvua ya masika ikishuka, lile gogo la kuvukia linafunikwa na maji. Mwageni punje 20 hapo mtoni. Kijia sasa ni 30, na maramu yenye kilima ndiyo njia bora, ingawa ni ndefu kuliko zote. Maziwa yatachelewa kidogo, lakini yatafika, na aliyeyabeba atafika.

Mwezeshaji asiharakishe hapa. Watu watabishana, na ubishi huo ndio somo. Kijana mwenye miguu ya chuma atasema kilima si kitu. Mama mwenye mtoto mgongoni atakiwekea punje 4. Msichana wa sekondari ataongeza punje mahali ambapo hakuna kilima wala mchanga, na mkimwuliza kwa upole atawaambia kuna kichaka pale na wanaume hukaa hapo jioni. Ramani ya chuma na setilaiti haitajua jambo hilo mpaka mtu aliseme.

Kule Uingereza kuna mpango wa njia za baiskeli uitwao CycleStreets, ulioanza mwaka wa 2009, ambao umelielewa jambo hili vizuri. Ukiuuliza njia haukuchagulii moja. Unakuonyesha ya haraka, ya utulivu, na ya katikati, kisha wewe mwenyewe unaamua. Kwetu sisi hiyo ni heshima kwa mtumiaji, na programu isiyompa mtu nafasi ya kuchagua tunaitilia shaka.

NANI ALIIANDIKA RAMANI?

Uzito wa kipande hautoki mbinguni. Kuna ramani ya wazi ya dunia nzima, OpenStreetMap, iliyoanzishwa Uingereza mwaka wa 2004, ambayo mtu yeyote anaweza kuiongezea na yeyote anaweza kuitumia bila kulipa. Mwaka wa 2009 vijana wa Kibera, Nairobi, walitembea na vipokezi vya setilaiti wakaandika humo vyoo, zahanati, mabomba ya maji na vichochoro vyao. Kabla ya hapo mahali hapo palikuwa karibu patupu kwenye ramani hiyo, ingawa maelfu kwa maelfu ya watu wanaishi pale. Vijiji vingi viko vivyo hivyo. Njia inaweza kuonekana kama mstari, lakini hakuna aliyeandika kama ni lami, maramu au matope, wala kama gogo la mtoni bado lipo. Asipoandika mtu, simu inakisia.

Vilima navyo vina hadithi yake. Mwezi wa Februari 2000 chombo cha Marekani kilizunguka dunia kwa siku 11 kikipima miinuko kwa rada. Programu nyingi hutumia vipimo hivyo mpaka leo. Lakini kipimo kimoja na kingine vinaachana mita 30 hivi, kwa hiyo korongo jembamba linaloweza kumvunja mtu mguu huenda lisionekane kabisa. Msibabaike simu ikisema njia ni tambarare. Mwulizeni anayepita hapo kila siku.

Jambo moja tunasisitiza. Ramani ikichorwa na vijana wa kiume peke yao itakuwa na njia za sokoni na za uwanja wa mpira, na vijia vya kisimani na zahanati vitasahaulika. Chagueni wachoraji wa pande zote. Tena OpenStreetMap inasomwa na watu wote, kwa hiyo msiandike humo nyumba ya mjane anayeishi peke yake, wala mahali zizi la ng'ombe lilipo.

MKONO UMESHIKA USUKANI

Mkutano wa pili toeni simu. Kuna programu zinazotumia ramani hiyo ya wazi, kama OsmAnd na Organic Maps. Unapakua eneo lako mara moja penye mtandao, kisha zinaonyesha njia hata bila bando, na zote zina sehemu ya baiskeli. Msizisifu wala kuzikataa kabla ya kuzijaribu.

Njia ya kujaribu ni hii. Mpeni simu mtu asiyewahi kuitumia hivyo, mwambieni: tafuta njia ya kwenda zahanati. Halafu nyamazeni. Ndiyo kazi ngumu kuliko zote, maana sisi walimu tunapenda kuelekeza. Mtazameni anapokwama, aandikieni mmoja wenu. Jakob Nielsen, mtaalamu kutoka Denmark, aliandika mwaka wa 2000 kwamba watu watano wanatosha kufichua sehemu kubwa ya matatizo ya kitu cha namna hii. Watano mnao hapo hapo kikundini. Mmoja wao awe mzee ambaye macho yake yamechoka.

Kisha jaribuni barabarani, juani, na mzigo ukiwa kwenye keria. Je, kioo kinasomeka saa sita mchana? Maandishi si madogo mno? Sauti inasikika upepo ukivuma? Mwenye jerikeni mbili hawezi kuachilia usukani akabonyeze, basi lazima maelekezo yaje mapema, kabla ya kona, si akiwa ameshaipita. Kuanza kwapasa kuhitaji kubonyeza mara mbili au tatu, zaidi ya hapo mtu atairudisha simu mfukoni. Na anayesikiliza muziki akiendesha, huyo hatuna programu ya kumsaidia.

Angalieni pia lugha ya maelekezo. “Geuka kushoto baada ya mita 300” haimwambii mtu wetu kitu. Yeye anajua: ukifika kwa mashine ya kusaga, shika njia ya mkuyu. Ndiyo maana mnapoongeza vitu kwenye ramani anzeni na alama kama hizo, ambazo watu huzitaja wakielekezana.

Tuje kwenye pesa. Maoni yetu tunayasema wazi: kikundi kisichange kutengenezewa programu mpya. Programu haimaliziki siku ya kuzinduliwa. Kila mwaka simu hubadilika, na lazima alipwe mtu wa kuirekebisha, la sivyo inakufa nayo michango yenu inakufa nayo. Someni Luka 14:28 juu ya yule mjenzi wa mnara, mhesabu kama yeye. Kuongeza njia zenu kwenye ramani ya wazi kunahitaji simu moja au mbili, siku chache za kutembea, bando la kutuma, na mtu mmoja aliyefundishwa. Akifundishwa mmoja, afundishe wawili. Mtu akiwaletea pendekezo la programu, mwulizeni ramani yake inatoka wapi, itafanya kazi bila mtandao au la, na nani atairekebisha mwaka wa tatu. Akijikanyaga katika la tatu, mpeni chai aende.

Kwa kuanzia chagueni njia moja tu, ile ya maziwa au ya zahanati. Wawili waiendeshe kwa baiskeli asubuhi na jioni, waandike kwenye daftari hali ya barabara, kilima, daraja na mahali pa kujikinga mvua, pamoja na tarehe. Tarehe msiisahau. Mvua ya masika ikiisha, rudini mkaangalie kama gogo la mtoni lingalipo.