Punda milia wa Upemba: kabla ya kufunga safari kutoka Katuba

Watoto wengi wa Katuba, hapa Lubumbashi, humjua punda milia kwa picha, na hudhani kwao ni Kenya au Tanzania. Ukweli ni kwamba punda milia wa mwisho wa porini katika Kongo nzima wako hapa hapa Katanga, kwenye nyika za uwanda wa Kibara, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Upemba iliyoanzishwa mwaka 1939. Ni haki yetu kwenda kuwaona, mradi twende kwa mpango.

Kwanza usalama. Upemba imewahi kuvamiwa na wanamgambo wa Mai-Mai, na walinzi wake wameuawa kazini. Usitegemee habari za dereva au za ndugu aliyepita huko mwaka jana. Nenda ofisi ya ICCN, taasisi ya serikali inayosimamia hifadhi za taifa, mjini, uulize hali ilivyo wiki hiyo, upate kibali, na ujue nani atakupokea Lusinga, kituo kikuu cha walinzi. Wakikuambia ngoja, ngoja.

Nenda wakati wa kiangazi, kati ya Juni na Septemba. Lami itakufikisha Likasi, kilomita zipatazo 120. Kutoka hapo, ukielekea Mitwaba njiani kwenda hifadhini, ni vumbi tupu, na mvua zikianza Novemba gari hukwama kwenye tope. Beba mafuta ya akiba, maji, chandarua na dawa zako. Beba na koti zito: uwanda uko juu kuliko Lubumbashi, na usiku wa Juni na Julai baridi ni kali.

Usitarajie makundi makubwa kama ya Serengeti. Ujangili umepunguza wanyama, na waliobaki wanamwogopa binadamu. Toka alfajiri, simama upande ambao upepo unakuja kwako kutoka kwao, nyamaza, tumia darubini. Palipo na majani machanga yaliyochipua baada ya moto, hapo ndipo pa kutazama kwanza. Mlinzi akisema tusisogee, msisogee: mnyama anayekimbizwa kila siku kwa ajili ya picha hapati muda wa kula, na jike mwenye mtoto huteseka zaidi.

Asiyeweza kufika Upemba afikirie Kundelungu, hifadhi tangu 1970, penye maporomoko ya Lofoi yanayoshuka zaidi ya mita 300 kwa mruko mmoja. Huko afadhali Mei au Juni, kwa kuwa mwisho wa kiangazi maji hupungua sana. Huko nako ulizia ICCN kwanza.

Jambo moja linahusu hata asiyesafiri. Nyama ya pori ikiletwa mlangoni kwako, usinunue, hata kwa bei ndogo. Punda milia waliobaki ni wachache mno, na mtego wa waya hauchagui anayenaswa. Fedha hiyo weka pembeni kwa safari ya kuwaona. Mkiwa familia kadhaa za mtaa mmoja, kodini gari moja imara, mgawane mafuta, na malipo ya kiingilio na ya mlinzi mlipe ofisini, mpewe risiti.