SOMO LA UFUGAJI: BANDA LA KUKU LIWE NA UMBO GANI?



Maombi mengi ya miradi ya kuku hueleza vizuri idadi ya vifaranga, lakini banda huandikwa kwa maneno mawili tu: "banda moja". Hapo ndipo hasara huanzia.

Kwa kuku 20 wa kienyeji tunashauri banda la mstatili, urefu meta 3 na upana meta 1.5, yaani kuku 4 hadi 5 kwa kila meta ya mraba. Urefu uelekezwe mashariki na magharibi, ili jua la asubuhi na la jioni lipige pande fupi. Pande ndefu zijengwe ukuta hadi magotini, na juu yake uwekwe wavu. Upepo ukipita, hutoa harufu kali ya kinyesi inayowaumiza kuku macho na mapafu. Ukuta uliozibwa hadi paani unazuia wezi, ni kweli, lakini unafungia ndani harufu hiyo.

Msonge unapendeza, ila viota na fito za kulalia havikai vizuri kwenye duara, na kuku wakiongezeka hauongezeki. Mstatili hurefushwa upande mmoja bila kubomoa.

Palipo na vicheche au maji yanayotuama, inueni sakafu juu ya nguzo. Paa liruhusu mtu mzima kusimama: banda la kuingia kwa kutambaa halifagiliwi.

Banda halizuii kideri. Chanjo ya tone la jicho, kila miezi 3, iwekewe fungu lake katika bajeti.